Kinyonga wa Usambara na Haki ya Wanyonge



Tulipotangaza kwamba Tume ya Haki na Amani italiweka suala la kinyonga wa msituni katika ajenda zake, pamoja na migogoro ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na malalamiko ya vijana wapakiao mizigo hapa mpakani Horohoro, wapo waliocheka. Mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei, mtu tumheshimuye sana, alisimama akauliza kama sasa tutaanza kusikiliza na kesi za mijusi. Kicheko kilikuwa kikubwa, nasi tulicheka pamoja nao, kwa kuwa swali lilikuwa zuri. Lakini swali zuri hudai jibu, na jibu letu siku ile lilikuwa fupi mno. Kwa hiyo tumeona yafaa tuliandike kwa kirefu, ili lisomwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo na kujadiliwa kwa utulivu.

Tuanze na tukio lililotokea mbali na kwetu. Mwezi Januari 2021, maofisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Vienna, nchini Austria, walimsimamisha msafiri mmoja aliyetoka Tanzania kwa kupitia Ethiopia. Ndani ya mizigo yake walikuta vinyonga 74, wengine wakubwa na wengine wenye umri wa wiki moja tu, wamefichwa ndani ya soksi na katika vikasha vitupu vya aiskrimu. Walikuwa wametoka katika milima ya Usambara. Watatu kati yao hawakunusurika. Waliobaki walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Thamani yao katika biashara ya magendo ilikadiriwa kuwa yuro 37,000.

Tafadhalini, msomapo habari hiyo msiipite haraka. Yuro 37,000 ni fedha ambazo mkulima wa iliki wa Amani au mvuvi wa Moa hatazishika mkononi kwa miaka mingi ya jasho lake. Je, aliyewaokota viumbe wale usiku, kwa mwanga wa tochi, alipewa nini? Hatukuwapo, wala hatudai kujua hesabu ya safari ile. Lakini tunajua habari ya kopo moja lililofika mlangoni petu.

Jioni moja mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha, mwamini wa kigango chetu, alikuja ofisini pamoja na kijana mpangaji wake. Kijana huyo alikuwa ameshuka kutoka milimani kutafuta kibarua cha kupakia mizigo. Mama alikuwa amebeba kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu kwa msumari. Ndani yake mlikuwa na vinyonga wadogo kumi na mmoja, wa rangi ya majani makavu, kila mmoja akitosha kulala juu ya kidole. Wanne walikuwa wamekwisha kufa.

“Shikamoo Baba,” alisema kijana, naye akatazama chini. “Mama amenileta kama mwizi. Hawa si ng'ombe wa mtu. Ni vidudu vya porini tu, na yule bwana alisema atapita kuwachukua.”

Tulimwuliza angelipwa kiasi gani. Alitaja bei ya kila kinyonga, nayo haikutosha kununua soda mbili. Tulimwuliza jina la yule bwana, hakulijua. Alikuwa na namba ya simu tu, nasi tulipoipiga haikupatikana, wala haijapatikana hata leo. Kijana hakuwa mwongo wala mkaidi. Alikuwa na mama mgonjwa nyumbani na deni la duka, na mbele yake alikuja mtu mwenye viatu vizuri akamwambia kwamba kitu asichokithamini mtu yeyote kina fedha. Nani miongoni mwetu, akiwa na umri ule na deni lile, angekataa?

Hapo ndipo tulipoona kwamba suala hili ni la Tume ya Haki na Amani hasa. Kwa sheria ya nchi yetu, yaani Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, anayekamatwa na mnyamapori bila kibali ana kosa zito. Angekamatwa njiani, kijana angekwenda gerezani, na mwenye namba ya simu angetafuta kijana mwingine. Katika biashara ya namna hii faida hupanda juu na adhabu hushuka chini, kama vile maji na moshi visivyoweza kufuata njia moja.

Sasa tuwaeleze ni viumbe gani hawa, kwa maana wengi wetu tumezoea kinyonga yule wa shambani, mkubwa wa kijani, atembeaye juu ya ua wa mchongoma, na tunadhani vinyonga wote ni hao hao. Sivyo. Ulimwenguni kuna aina zaidi ya 200 za vinyonga, na milima ya Usambara ni miongoni mwa mahali penye aina za pekee zisizopatikana kwingine. Yupo yule mdogo sana, mwenye mkia mfupi, ambaye wataalamu humwita Rhampholeon temporalis; mchana hutembea katikati ya majani yaliyooza chini ya miti mikubwa, na usiku hupanda kijiti kidogo kulala. Makao yake ni Usambara Mashariki tu. Yupo mwenye pembe tatu, aliyepewa jina la Derema, ambaye jike wake hutaga mayai. Yupo pia mwembamba mwenye kipembe laini puani, Kinyongia tenuis, ambaye hupatikana katika Usambara Mashariki na, ng'ambo ya mpaka wetu, katika vilima vya Shimba huko Kwale. Huyo ni jirani wa pande zote mbili, kama walivyo ndugu zetu Wadigo wa Horohoro na wa Lungalunga, ambao mpaka uliwakuta hapa na haukuwatenga.

Aina hizi tatu ziliandikwa kitaalamu mwaka 1892 na Mjerumani Paul Matschie, aliyekuwa Berlin na kuletewa viumbe vilivyohifadhiwa. Mwaka huo huo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la rangi ya zambarau, ambalo sasa hupamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani na kuuzwa kwa mamilioni. Usambara haijapata senti kutokana na ua hilo. Twalitaja kwa kupita tu, ili mjue kwamba habari ya kuchukua kitu milimani petu na kukiuza mbali haikuanza na kopo la maziwa.

Kinachomtia kinyonga wa msituni hatarini ni namna ya maisha yake yenyewe. Hawezi kukimbia. Hawezi kuvuka shamba lililo wazi, kwa kuwa jua na ukavu humwua. Msitu ukikatwa katikati, sehemu mbili zilizobaki huwa kama visiwa viwili, na wa huku hawaonani tena na wa kule. Tena usiku alalapo rangi yake hupauka, hata mwenye tochi humwona kwa urahisi kuliko mchana. Mshikaji mmoja hodari aweza kukimaliza kichaka chote kwa usiku mmoja. Ndiyo maana wengi wa vinyonga hawa wa Usambara wameandikwa katika orodha nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia kuwa wako hatarini kutoweka.

Sheria zimefuata nyuma, polepole, kwa mwendo wa kinyonga mwenyewe. Vinyonga wakubwa waliingizwa katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama walio hatarini tangu mwaka 1977, lakini wale wadogo wa majani makavu hawakuingizwa mpaka mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016. Miaka yote hiyo waliweza kuuzwa katika nchi za mbali bila ulinzi wa mkataba huo. Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwezi Mei 2016. Mwezi Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi sita kuwasafirisha waliobaki mikononi mwao. Wananchi wakapiga kelele, na tangazo likasitishwa. Twawapongeza waliopiga kelele. Hata hivyo tunatambua kwamba marufuku pasipo kazi mbadala humhamisha mnunuzi kutoka ofisini mwenye leseni hadi gizani mwenye namba ya simu.

Turudi kwa mzee wetu na swali lake. Wengine walilitoa kwa ukali zaidi: je, Kanisa halina watu wa kuwahurumia hata liwahurumie kinyonga? Nasi tunajibu kwamba mwenye kuuliza hivyo ana haki ya kuwa na wasiwasi, maana wanyonge wa milima ile wameona mengi yakifanyika kwa jina la msitu.

Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902, na mashamba ya kahawa, kisha ya chai, yakachukua sehemu ya msitu. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970 na 1980, kiwanda cha mbao cha Sikh Saw Mills, kilichokuwa mali ya umma, kilikata magogo kwa mashine katika Usambara Mashariki kwa msaada wa Finland. Baadaye lawama zilipozidi, ukataji huo ulikomeshwa, na nchi ile ile iliyogharimia misumeno ikagharimia hifadhi. Hatusemi haya kwa kejeli. Kutubu ni jambo jema kwa mataifa kama kwa watu. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya namna yake nchini.

Kisha ikaja habari ya Derema. Ili kuunganisha misitu ya Amani na ile iliyo kaskazini yake, ilionekana lazima ukanda wa Derema uhifadhiwe. Kwa macho ya kinyonga jambo hilo lilikuwa sahihi kabisa, maana ndilo daraja lake. Lakini chini ya miti ya Derema wananchi wa vijiji kama Kwezitu na Msasa IBC walikuwa wamepanda iliki, na iliki hiyo ndiyo iliyolipa karo, bati na dawa. Wakulima zaidi ya elfu moja walipoteza mashamba yao pale. Mimea ilihesabiwa shina kwa shina mwanzoni mwa miaka ya 2000, malipo yakachukua miaka, na wengi walilalamika kwamba yalikuwa haba na kwamba ardhi waliyoahidiwa ilikuwa mbali, bondeni, ambako iliki haioti. Sisi tunaamini kwamba ukanda ule ulistahili kuhifadhiwa. Tunaamini vile vile kwamba mkulima aliyengoja fidia kwa miaka alidhulumiwa, hata kama kila karatasi ilikuwa na muhuri. Asemaye kwamba lazima tuchague moja kati ya kweli hizo mbili hatusaidii.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwezi Mei 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vyapaswa kusikilizwa pamoja. Kabla yake, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliutoa ujumbe wake wa Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 1990 juu ya amani na Mungu Muumba na amani na viumbe vyote. Si mafundisho mapya basi, wala hayakuletwa na wafadhili. Kitabu cha Mwanzo chamweka mtu bustanini ailime na kuitunza, kazi mbili kwa pamoja. Sheria ya Musa yamruhusu mtu kuchukua makinda, lakini yamkataza kumchukua mama pamoja nao, yaani yaweka mpaka kwa mkono wa mwenye njaa pasipo kuikana njaa yake. Naye mwenye kitabu cha Hekima amwambia Mungu kwamba hachukii chochote alichokiumba.

Hapa yuko mtu atakayetukumbusha kwamba kinyonga ametajwa katika Walawi sura ya 11 miongoni mwa viumbe najisi; tafsiri ya zamani ya Kiswahili ilitumia neno lumbwi. Ni kweli. Lakini unajisi ule ulikuwa katazo la kumla na kugusa mzoga wake. Ukisomwa vizuri, wamwacha kinyonga aende zake kwa amani.

Liko na jambo la hofu. Pwani na bara, wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga. Wapo wanaosema kumgusa huleta mkosi, na katika hadithi za makabila mengi ya Kibantu yeye ndiye mjumbe aliyechelewa na habari ya uzima, mpaka mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Basi watoto humpiga mawe wamwonapo. Hatuwadharau wazee waliotusimulia. Tunaomba tu makatekista waseme wazi mbele ya watoto wa Komunyo ya Kwanza kwamba mnyama huyu hana sumu, hana uchawi, na kubadilika kwake rangi si unafiki. Unafiki tunao sisi, na wanasiasa tuwaitao kwa jina lake wamemwonea.

Tena msidhani kwamba msitu ule ni wa watu wa milimani peke yao. Maji yanywewayo katika jiji la Tanga hutoka mto Zigi, nao Zigi hunyweshwa na misitu ya Usambara Mashariki. Mto Umba, ambao ng'ombe na bustani za wilaya yetu ya Mkinga huutegemea, huanzia katika msitu wa Shagayu, Usambara Magharibi, kisha huingia baharini kule Vanga, upande wa Kenya. Kinyonga mdogo hukaa palipo na kivuli na unyevu. Akitoweka mahali, ni dalili kwamba kivuli na unyevu vimekwisha kuondoka. Wazee wa Umba hawahitaji mtaalamu kuwaambia jinsi mto ulivyokuwa zamani.

Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, yatupasa kuungama. Mabenchi ya kigango chetu kimoja yalitengenezwa kwa mbao ngumu nyekundu, nzuri mno, tulizouziwa kwa bei nafuu na mtu aliyezishusha usiku. Hatukumwuliza zilitoka wapi. Tulishukuru kwa bei, tukazibariki, na waamini wamezikalia tangu siku hiyo wakisikiliza mahubiri juu ya haki. Padri asiyeuliza asili ya mbao hana ujasiri mwingi wa kumhukumu kijana asiyeuliza asili ya fedha.

Kuhusu wale vinyonga saba waliobaki hai: hatukuweza kuwaachia katika minazi ya hapa, kwa kuwa wangekufa kabla ya jua kuchwa. Tulimwita ofisa mmoja wa misitu, mtu mwenye utu, ambaye aliandika jina la kijana, akamwonya kwa ukali, kisha akakubali tuongozane. Tulipanda kwa pikipiki kupitia Maramba hadi ukingo wa msitu, na kutoka hapo kijana ndiye aliyetangulia. Hakusita hata mara moja. Alimrudisha kila mmoja kwenye kichaka chake, akatueleza ni wapi hulala wenye mimba na ni mwezi gani watoto huonekana, mpaka ofisa akatoa daftari na kuanza kuandika. Tulishuka kimya, tukiwaza jinsi ujuzi wote ule ulivyokuwa na mnunuzi mmoja tu, naye ni mwizi.

Kwa hiyo Tume inapendekeza, na inaomba mjadili. Katika vigango vya milimani, viongozi wa walei wavisaidie vijiji kuitumia haki waliyopewa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ya kumiliki na kusimamia misitu yao wenyewe kwa mipango na sheria ndogo zao. Mwenye msitu wake huuliza maswali anapokuja mgeni mwenye makopo. Vijana wenye ujuzi kama wa huyu wetu watafutiwe kazi ya kuongoza wageni na watafiti, na sisi tuko tayari kuwaandikia barua. Hapa mpakani, wenye nyumba za kulala wageni, wapakiaji na madereva wa magari ya abiria ambao ni waamini wetu watazame mizigo midogo yenye matundu, na wakiona jambo walete habari ofisini au kwa vyombo vya serikali. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka tumewaandikia tukiwaomba wafanye vivyo hivyo. Kijana akikamatwa, Tume itamtembelea na kumtafutia ushauri wa kisheria, lakini pia itauliza kwa barua, tena na tena, aliyemtuma amepatikana au la. Na mbao za kigango chochote, kuanzia sasa, zisinunuliwe pasipo hati ya kuonyesha zilikotoka. Mweka hazina atakayelipa bila hati hiyo atajieleza mbele ya Halmashauri, na paroko pia.

Pendekezo la mwisho ndilo litakaloleta ubishi, nasi tunalijua. Wapo wakulima wa milimani ambao bado wana malalamiko ya fidia. Tunaziomba jumuiya zikusanye maelezo yao kwa maandishi: jina, kijiji, idadi ya mashina yaliyohesabiwa, kiasi kilicholipwa na mwaka wa malipo. Yasiandikwe ya kusikia. Tukiwa na karatasi mkononi tutajua ni yapi yaliyokwisha kulipwa kwa haki na ni yapi yanayodai kupelekwa mbele, nasi tutayapeleka.

Kikao cha kupokea maelezo hayo kitafanyika hapa parokiani mara baada ya mavuno ya masika, kwa siku itakayotangazwa katika Misa zote. Yule mzee aliyeuliza juu ya kesi za mijusi amekubali kuwa mwenyekiti.